Hofu ya Utotoni Haifi kwa Kufichwa

Wako watu wazima, wenye ndevu na vyeo, waliokwisha kulala porini na kusikia risasi zikipita juu ya vichwa vyao, ambao hata leo hawawezi kupita makaburini peke yao baada ya jua kutua. Wako akina mama wenye watoto wakubwa ambao taa ikizimika hawathubutu kutoka nje mpaka wapate mtu wa kuwasindikiza. Wako na wengine ambao wakisikia ngurumo ya radi huacha sufuria motoni, wakajifunika shuka gubigubi. Ukiwauliza hofu hiyo imewaanza lini, watacheka na kugeuza mazungumzo. Lakini mioyoni mwao wanajua kwamba ni hofu ya zamani. Imetoka nao utotoni, na imekua pamoja nao.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyetishwa kila jioni kwa fisi, mizimu au moto wa milele huweza kusahau maneno yenyewe, lakini mshtuko ukabaki. Askari huona haya zaidi kuliko wengine, kwa sababu watu wote humtazamia yeye awe ngao yao. Basi huificha hofu yake. Naye aifichaye aghalabu huivalisha nguo nyingine. Mmoja huifunika kwa pombe, mwingine kwa ukali nyumbani, hata mkewe na watoto wakatetemeka mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe anatetemeka ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyekuwa mtoto mwenye hofu, kisha akawa askari, kisha fundi wa kuziba sufuria, mhubiri na mfungwa. Jina lake ni John Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Wakristo wengi wanamjua kwa kitabu chake cha Safari ya Msafiri, ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Ni wachache wanaojua jinsi alivyosumbuliwa na hofu za utotoni hata alipokuwa mtu mwenye mke na watoto. Yeye mwenyewe hakuona haya kuyaeleza. Aliyaandika yote akiwa gerezani, na habari hizo zikapigwa chapa mwaka 1666.

NDOTO ZA MTOTO WA ELSTOW

Baba yake Bunyan alikuwa fundi wa kutengeneza na kuziba vyombo vya chuma na shaba, kazi iliyodharauliwa siku zile. Hata hivyo alimpeleka mwanawe shuleni, akajifunza kusoma na kuandika. Katika Uingereza ya wakati huo, mahubiri juu ya hukumu na jehanamu yalisikika kila mahali, na hayakupunguzwa makali kwa ajili ya watoto.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi, Bunyan alianza kuota ndoto za kutisha. Usiku aliona mashetani na pepo wachafu wakijaribu kumkokota. Mchana, hata akiwa katikati ya michezo na wenzake, wazo la hukumu lilimjia ghafula, furaha yote ikamtoka. Hakumwambia mtu wa kumsaidia. Akafikia hatua ya kutamani jambo la ajabu kwa mtoto: ama jehanamu isiwepo kabisa, ama yeye mwenyewe awe shetani, kwa maana aliona ni afadhali kuwa mtesaji kuliko kuwa mtu wa kuteswa.

Wazazi na tulipime jambo hilo kwa makini. Mtoto huyu alikuwa amesikia mengi juu ya Mungu, lakini aliyoyasikia hayakumfanya amkimbilie Mungu. Yalimfanya atamani kuwa upande wa adui. Kila atishaye mtoto kwa jina la Mungu ili anyamaze au ale chakula chake yafaa aikumbuke habari hii.

ASKARI WA MIAKA KUMI NA SITA

Baadaye ndoto zilikoma, naye akadhani zimekwisha. Alijiingiza katika matusi na michezo, akawa kiongozi wa vijana wakorofi wa kijiji. Mwaka 1644 misiba ilimwandama. Mwezi Juni mama yake alifariki dunia, na mwezi Julai dada yake naye akafariki. Mwezi Agosti baba yake alikuwa amekwisha kuoa mke mwingine. Wakati huo Uingereza ilikuwa katika vita baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Kabla mwaka huo haujaisha, kijana Bunyan, mwenye miaka kumi na sita tu, alikuwa askari wa jeshi la Bunge katika kambi ya Newport Pagnell. Alitumika huko mpaka mwaka 1647.

Kuhusu vita hivyo ameandika machache sana, lakini liko tukio moja ambalo hakulisahau. Siku moja aliteuliwa pamoja na wengine kwenda kuuzingira mji fulani. Alipokuwa tayari kuondoka, mwenzake mmoja aliomba aende badala yake, naye Bunyan akakubali. Yule mwenzake, akiwa amesimama lindo, alipigwa risasi kichwani akafa.

Msomaji aliyepata kubadilishana zamu na mwenzake, kisha akapokea habari mbaya asubuhi, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Bunyan aliona baadaye kwamba Mungu alimhifadhi. Lakini kwa wakati ule wokovu huo haukumbadilisha, wala haukumwondolea hofu iliyokuwa imelala ndani yake. Twaona hapa jambo ambalo watu wa majeshi wanalijua vyema: kuokoka katika hatari kubwa hakumtibu mtu hofu yake ya zamani. Askari aweza kuwa shujaa mbele ya bunduki na bado akawa mtoto mbele ya ndoto zake.

KENGELE JUU YA KICHWA

Baada ya vita Bunyan alirudi kijijini akafanya kazi ya ufundi kama baba yake. Akaoa binti maskini kama yeye. Ameandika kwamba walipoanza maisha hawakuwa hata na sahani au kijiko. Mke alileta vitabu viwili tu vya dini alivyoachiwa na marehemu baba yake, nao wakavisoma pamoja. Kwa kuvisoma, Bunyan alianza kwenda kanisani na kujaribu kurekebisha mwenendo wake. Hapo ndipo hofu ya utotoni ilipoamka.

Alikuwa anapenda sana kupiga kengele za kanisa la Elstow. Mnara wa kengele umesimama peke yake, kando ya kanisa, na wapo mpaka leo. Dhamiri ilipoanza kumsumbua, aliona kwamba kupiga kengele ni anasa isiyomfaa, akaacha, ila aliendelea kwenda kuwatazama wenzake wakipiga. Siku moja wazo likamjia: je, kengele mojawapo ikianguka? Akahama, akasimama chini ya boriti kubwa. Wazo lingine likaja: kengele yaweza kuugonga ukuta, ikarudi na kumpiga. Akahama tena, akasimama mlangoni, ambako angeweza kukimbia. Ndipo akafikiri: je, mnara wenyewe ukianguka? Mwishowe akakimbia, hakuthubutu tena kukaa hapo.

Huyu alikuwa mtu mzima, askari wa zamani, mwenye nguvu za mhunzi. Habari ya kengele yatuonyesha tabia ya hofu. Ukiikimbia hatua moja, nayo husogea hatua moja. Leo yaogopa kengele, kesho boriti, kesho kutwa mnara. Mtu aliyeanza kwa kuogopa giza la nje, asipojihadhari, ataishia kuogopa chumba chake mwenyewe.

WANAWAKE MASKINI WALIOKETI JUANI

Mwanzo wa mabadiliko haukuja kwa ndoto wala kwa mwujiza wa kushangaza. Siku moja, katika kazi yake ya kuziba sufuria mjini Bedford, Bunyan alipita mahali ambapo wanawake watatu au wanne maskini walikuwa wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza juu ya mambo ya Mungu. Yeye alikuwa hodari wa kubishana juu ya dini, akasogea karibu asikilize. Lakini hakuweza kusema neno. Wanawake wale walikuwa wakielezana udhaifu wao wenyewe bila kuficha, na jinsi Mungu alivyowafariji kwa upendo wake katika Yesu. Walisema kwa furaha, kama watu waliogundua nchi mpya.

Bunyan alikuwa amezoea kumfikiria Mungu kama mtu aliyemvizia. Hapa alisikia watu waliomtaja Mungu kama jamaa aliyewatembelea. Akarudi kwao mara kwa mara. Hatimaye aliwafunulia yaliyokuwa moyoni mwake, nao wakampeleka kwa mchungaji wao, John Gifford.

Historia ya mchungaji huyu ni somo kwa askari. Gifford alikuwa meja katika jeshi la mfalme, yaani upande uliopigana na upande wa Bunyan. Alikamatwa vitani mwaka 1648 akahukumiwa kifo, lakini usiku mmoja dada yake alimkuta mlinzi amelala, akamsaidia kutoroka. Akaja Bedford akafanya kazi ya utabibu, akiwa mlevi na mcheza kamari, mpaka alipoongoka. Basi meja wa mfalme na askari wa Bunge, waliokuwa maadui, wakaketi katika nyumba moja, mmoja akieleza hofu yake na mwingine akimsikiliza.

Hofu haikuondoka siku ile. Ilizidi kwa muda, na miaka kadhaa ikapita Bunyan akipanda na kushuka. Jambo lililomshikilia lilikuwa ahadi iliyo katika Injili ya Yohana, sura ya 6, ambamo Yesu anaahidi kwamba mtu yeyote amjiaye hatafukuzwa kamwe. Bunyan anaeleza kwamba aling'ang'ania ahadi hiyo kama vile watu wawili wavutanavyo kitu, hofu ikivuta huku naye akivuta huku. Hofu ilimwambia kwamba yeye ni mwovu mno. Naye akatazama tena maneno yale, akaona kwamba hayakumtenga mtu wa namna yoyote. Kidogo kidogo sura ya Mungu aliyoibeba tangu akiwa na miaka tisa ilibadilika. Mwindaji akawa Baba.

KUSIMAMA HUKU MAGOTI YAKITETEMEKA

Bunyan alianza kuhubiri, na watu wakamsikiliza kwa sababu hakujifanya shujaa. Mwaka 1660 ufalme uliporudishwa, mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali ilipigwa marufuku. Mwezi Novemba mwaka huo, alipokuwa amealikwa kuhubiri, rafiki zake walimpasha habari kwamba amri ya kumkamata imetoka. Nafasi ya kutoroka ilikuwepo. Lakini alifikiri juu ya waumini wachanga. Wakimwona kiongozi amekimbia, nao wataogopa. Akabaki, akakamatwa. Kila kiongozi wa kikosi anaelewa hesabu hiyo.

Alikaa katika gereza la Bedford muda wa miaka kumi na miwili. Alisuka kamba za viatu apate kuilisha familia yake. Jambo lililomwumiza kupita yote lilikuwa binti yake wa kwanza, Mary, aliyekuwa kipofu. Kumfikiria mtoto huyo akiona njaa na baridi bila baba kulikuwa kama kunyofolewa nyama mifupani.

Humo gerezani hofu ilimrudia. Bunyan hakuzijua sana sheria, akadhani huenda mwisho wa kifungo chake ni kunyongwa. Kifo chenyewe hakikumtisha sana. Aliogopa kwamba atapanda ngazi ya kunyongea akiwa amepauka uso na magoti yakitetemeka, na adui wapate kuidhihaki imani yake. Aliomba apewe faraja, asiipate. Akaomba tena, bado. Mwishowe aliamua kwamba kazi yake ni kusimama katika neno la Mungu, Mungu akipenda kumfariji au asipopenda. Hata faraja isipokuja, yeye atakwenda. Na baada ya uamuzi huo, moyo wake ulitulia.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha habari hii. Wengi hudhani imani ya Kikristo ni dawa ya kumeza usiku, ukaamka asubuhi huna hofu. Asiyepona upesi huambiwa imani yake ni ndogo, akaongezewa hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Maisha ya Bunyan yanafundisha jambo lingine. Mtu huogopa, naye huenda. Hutetemeka, lakini hakimbii, kwa kuwa ameshika mkono wa yule anayemwamini. Hofu ikiona kwamba haitiiwi tena, hupungua nguvu.

MSAFIRI ALIYEOGOPA

Bunyan alipotoka gerezani mwaka 1672 alikuwa mchungaji wa kanisa la Bedford. Safari ya Msafiri ilitolewa mwaka 1678. Humo msafiri anakuta simba wawili kando ya njia, akataka kurudi, kwa maana hakuona kwamba wamefungwa minyororo. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1684, na humo Bunyan amemweka mtu mmoja mwoga kuliko wote. Mtu huyu alilala mwezi mzima kando ya tope la kukata tamaa, akisikitika. Kila alipofika mlangoni hakuthubutu kubisha hodi, akawapisha wengine. Kiongozi wa wasafiri hakumcheka wala kumwacha nyuma. Na alipofika kwenye mto wa mwisho, ambao alikuwa ameuogopa safari nzima, maji yalikuwa yamepungua kuliko wakati wowote. Akavuka karibu bila kulowa.

Hivyo ndivyo mtoto wa Elstow alivyowaandikia wenye hofu baada ya kupita njia yao. Kifo chake mwenyewe kilimjia mwezi Agosti mwaka 1688. Alikuwa amepanda farasi kwenda mji wa Reading kumpatanisha kijana na baba yake waliogombana, akafanikiwa. Wakati wa kurudi alinyeshewa mvua kubwa, akaugua homa, akafariki London.

YATUPASAYO MAJUMBANI

Kwanza, tuache kuwapanda watoto hofu. Mama wa raia humwambia mtoto anyamaze, askari anakuja kumchukua. Siku mtoto huyo atakapopotea sokoni, atamkimbia yule yule polisi ambaye angemrudisha kwa mama yake. Sisi wa kambini twachukizwa na maneno hayo, lakini je, twasemaje wenyewe kwa watoto wetu? Twataja fisi, mzimu, na mara nyingine twamtaja Mungu kama kiboko cha mtoto aliyevunja kikombe. Tumfundishe mtoto kutii, na tumkanye kwa haki, ila tusilitumie jina la Mungu kumtisha kitandani. Sala ya usiku iwe fupi, ya shukrani na ya kujikabidhi, asilale akihesabu mashetani.

Pili, tusimcheke mtoto aogopaye. Watoto wengi wadogo huogopa giza kwa muda, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mshike mkono, mwingie pamoja chumbani mkiwa na taa. Kesho simama mlangoni aingie mwenyewe. Kesho kutwa kaa mbali kidogo. Matabibu huitumia njia hiyo ya hatua kwa hatua hata kwa watu wazima, nayo ni kinyume cha ile ya Bunyan mnarani. Yeye alirudi nyuma hatua moja moja. Sisi twasogea mbele hatua moja moja.

Tatu, mtu mzima aseme. Amwambie mkewe au mumewe, au mchungaji, au rafiki aliyekomaa asiyepeleka maneno. Bunyan alikaa miaka mingi na hofu yake peke yake, na nafuu yake ilianza siku alipoitaja mbele ya watu waliokuwa wakiutaja udhaifu wao. Kanisa lenye kufaa ni lile ambalo mtu aweza kusema humo kwamba anaogopa, asichekwe. Mke aambiwaye siri hii na aipokee kwa heshima, asije akaitumia siku ya ugomvi. Mume naye asidhani kwamba cheo chake kimepungua.

Nne, yako mambo yapasayo daktari. Mtu akikosa usingizi kwa majuma mengi, akiona tena na tena vita au ajali aliyoipitia, moyo ukimwenda mbio bila sababu, au akitaka kujidhuru, aende hospitali bila kukawia. Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Gifford aliyemwongoza Bunyan alikuwa tabibu kabla ya kuwa mchungaji. Hata msomaji asiye Mkristo aweza kuyafuata mashauri haya nyumbani mwake.

Leo usiku mtoto akilia gizani, usimtajie fisi wala askari. Washa taa, uketi kando yake, umwulize ameona nini. Naye akikwisha kusema, omba pamoja naye, ukae hapo mpaka ashikwe na usingizi.